Breki za mafuta, baiskeli ya zamani: leva ya nyuma inazama mpaka kwenye hendeli

MsambaaWaMilima: Wakuu, habari za jioni. Nina baiskeli ya mtumba, breki za diski za mafuta, aina ya Shimano. Ya nyuma nikiikamata leva inazama mpaka inagusa hendeli. Nikipampu inakaza, nikiachia kidogo inalegea tena. Ya mbele inapiga kelele na haishiki vizuri. Nakaa Lushoto, na njia ya kushuka Soni hadi Mombo mnaijua, kona juu ya kona. Fundi wa pikipiki hapa jirani anataka kuongeza DOT 4, yale mafuta ya breki za magari na pikipiki. Nimruhusu?

Spoku36: Usimruhusu kabisa! Shimano inatumia mineral oili, yaani mafuta ya madini. Ukitia DOT, mipira ya ndani inavimba na kuharibika, na hapo utanunua leva na kalipa (kile kifaa cha kwenye gurudumu kinachobana pedi kwenye diski) upya. Mara nyingi aina ya mafuta imeandikwa kwenye leva yenyewe, isome kabla ya kufungua chochote.

Kukaza ukipampu ni dalili ya upepo ndani ya mafuta ya breki. Ila usikimbilie kutoa upepo, tafuta kwanza ulikoingilia. Futa kalipa, leva na maungio ya paipu yakauke, kisha kamata leva kwa nguvu na uishikilie huku ukipapasa kila ungio kwa karatasi nyeupe.

BiMkubwa_Baiskeli: Hiyo kelele ya mbele ni pedi zilizonyonya mafuta. Safisha diski kwa spiriti na kitambaa kisafi. Kama diski ina unene chini ya milimita 1.5, ibadilishe.

Kibati: Pedi piga msasa tu mkuu, zitarudi.

BiMkubwa_Baiskeli: Kwa tambarare sawa, @Kibati. Kwa mteremko wa Soni, hapana. Mafuta yakishaingia ndani ya pedi, joto linayatoa tena juu. Anunue mpya, na azizoeze kwenye tambarare kwanza: akimbie, akamate polepole bila kufunga tairi, arudie mpaka zishike.

MsambaaWaMilima: Asanteni sana. Karatasi imelowa pale paipu inapoingia kwenye leva. Kalipa ni kavu.

Spoku36: Afadhali! Hapo kuna kipete cha shaba kinachobana paipu. Kata kipande kidogo cha mwisho wa paipu, weka kipete na kipini (kile kinachoingia ndani ya mdomo wa paipu) vipya, kaza. Halafu toa upepo: pedi nje, zuia pistoni zinazosukuma pedi zisitoke, sukuma mafuta kwa bomba la sindano kutoka kalipa kwenda leva mpaka mapovu yaishe. Mpaka hapo, panda daladala.