Wahamiaji kukamatwa Dodoma: ulinzi wa mpaka au usumbufu kwa raia?

Mwana Chamwino: Wakuu, nchi yetu inapakana na nchi 8, lakini wahamiaji wanakamatwa huku katikati, barabara ya Babati–Kondoa–Dodoma, wakielekea Iringa hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Mtu akishafika Kondoa ujue Namanga, mpaka wa Kenya, ameshaivuka au kapita njia za panya. Vizuizi vya huku vinalinda nini?

Sauti ya Kibaigwa: Mleta mada umesahau mapema. 2013 maiti za Wahabeshi, watu wa Ethiopia, zilitupwa porini hapa Kongwa. Hilo si suala la usalama? Vizuizi viongezwe. Na kazi yenyewe si ngumu, Mhabeshi unamjua kwa sura tu.

Jirani wa Chitego: Ilikuwa Juni 2012, Chitego. Zaidi ya 40, walikosa hewa ndani ya lori. Watu wanafungiwa kama magunia ili wapitishwe kwenye vizuizi hivyohivyo unavyotaka viongezwe.

Mburunge Halisi: "Unamjua kwa sura tu." Njoo uyaseme hayo mbele ya mama yangu. Sisi Waburunge na wenzetu Wairaqw (Wambulu) lugha zetu ni za Kikushi, jamii moja na lugha nyingi za Ethiopia, na sura ndizo hizi tulizozaliwa nazo. Mwaka juzi nilishushwa basi saa nane usiku, nikaambiwa niimbe wimbo wa Taifa. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ninayo kwenye karatasi, kadi bado. Nimefika ubeti wa pili, dereva anapiga honi, abiria wamejaa madirishani.

Sauti ya Kibaigwa: Sikukulenga wewe mkuu. Ila mtu mzima unasafirije na karatasi?

Mburunge Halisi: Niliyekaa naye kiti kimoja ni Mgogo, hata hiyo karatasi hakuwa nayo. Hakuulizwa kitu.

Binti wa Mvumi: Wagogo tumeingiaje hapa? Kaka yangu alishushwa mara mbili akienda Singida. Usitufanye sisi ndio tunaopendelewa.

Mburunge Halisi: Dada, sijakutukana. Nimesema nilichokiona.

Mwana Chamwino: Jamani, turudi kwenye mada. Mpaka.

Mburunge Halisi: Mada ndiyo hii! Pale Namanga mtu kapita, halafu mimi wa Goima ndiye ninayeulizwa nimeingiaje nchini.

Dereva wa Masafa: Naendesha lori njia hiyo. Alfajiri moja, kabla ya Kondoa mjini, kijana alitoka kichakani, midomo imepasuka, akanionyesha ishara ya kunywa. Miguuni kavaa ndala mbili zisizofanana. Wakala alishachukua hela yake akamwacha hapo. Sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu 2008, lakini wakala huyo simuoni akipandishwa kizimbani. Namuona kijana.

Sauti ya Kibaigwa: Ulimpakia?

Dereva wa Masafa: Nilimpa maji na mkate. Nina watoto watatu, leseni ndiyo inayowalisha.

Sauti ya Kibaigwa: Basi hata wewe unaogopa kizuizi, kinafanya kazi. Na Mburunge, suala la kitambulisho hujanijibu.