Tupeane uzoefu: umewahi kuhifadhi muda wa kukaguliwa uwanja wa ndege kabla ya safari?

Mzaramo wa Theluji
Wakuu salaam. Wiki iliyopita nilimsindikiza mama uwanja wa Pearson hapa Toronto, anarudi Dar baada ya miezi mitano ya kulea mjukuu. Ana miaka 71 na magoti yake hayataki kusikia habari ya kusimama. Siku mbili kabla ya safari nikaingia tovuti ya uwanja, wana huduma inaitwa YYZ Express. Unaandika namba ya ndege, unachagua saa ya kufika kwenye ukaguzi, unatumiwa kile kimraba cha QR kwa barua pepe. Hulipi hata senti. Wanaruhusu ndani ya saa 72 kabla ya ndege kuondoka, ukiwahi zaidi ya hapo hupati kitu.

Nikachagua saa mbili na robo asubuhi, nikajiona mjanja. Kumbe nilipigia hesabu foleni ya ukaguzi, ya mizigo nikaisahau. Kufika kaunta, sanduku la kwanza kilo 23 kamili, la pili 26 na nusu. Dada wa kaunta akatabasamu, akatuonesha pembeni. Basi mama wa watu kaketi sakafuni, kafungua zipu, kaanza kutoa viatu vya watoto. Anatoa pea, anaipima kwa mkono, anairudisha, anatoa nyingine. Sufuria ya kuokea keki hataki kuigusa, kaahidi mtu. Mimi jicho kwenye saa: mbili kasoro tano, mbili na dakika tano. Tulipolipeleka tena, mzani ukasoma 22.9, na mimi nimebaki na pea nne mkononi.

Tukafika kwenye ukaguzi muda wetu bado dakika chache tu. Kimraba nilikuwa nimekichapa kwenye karatasi, maana simu yake ikizima ndiyo basi. Akapita peke yake, msindikizaji haruhusiwi. Baada ya robo saa kanipigia: "Mwanangu, nimepita kama balozi."

Haya, na nyie? Wapi mlitumia, ikawaje?

Baba Pacha wa Kent
Mimi ni wa Seattle. Hapa huduma inaitwa SEA Spot Saver, ipo tangu 2021, na ni ya bure. Kiangazi, shule zikifungwa, laini ya ukaguzi huwa inajikunja kama nyoka mpaka unajiuliza mwisho uko wapi. Nilikuwa na pacha wa miaka minne, bibi, na kigari cha watoto. Nikahifadhi mara moja tu nikaandika idadi ya watu, sio kila mtu na lake. Mke wangu hakuamini. Njia nzima ananiambia, "Utaona wakiturudisha nyuma na aibu zako." Tulipita kwa dakika kama kumi hivi. Kazi ilikuwa kumvua mmoja wa pacha viatu vya taa, akilia kwamba vinaibiwa.

Angalieni kitu kimoja: unapewa kituo maalumu cha ukaguzi. Ukienda kituo kingine na QR yako, ni kama unaonesha picha ya harusi tu.

Kobe Mbio
@Mzaramo mbona hukumwombea mama kiti cha magurudumu? Hicho unaliomba shirika la ndege mapema, bure, na msaidizi anampitisha pembeni.

Mzaramo wa Theluji
Nilimwambia. Akasema akishuka Dar kwenye kiti watu watasema alienda Ulaya kuugua. Nikanyamaza.

Dada wa Wedding
Wedding ni mtaa Berlin jamani, sio harusi, kabla hamjaanza.

Mimi nilipigwa. Nilikuwa nimesikia kwamba Berlin unaweza kuhifadhi muda, nikaandika kwenye simu, nikabonyeza kitu cha kwanza kilichotokea. Kurasa nzuri, picha ya ndege, wananiomba euro 12 "za kuhakikishiwa nafasi". Nikalipa. Kilichokuja ni barua pepe ya kunipongeza, haina kimraba wala saa. Kwenye ukaguzi kijana akaniambia kwa upole kwamba huduma yao inaitwa BER Runway, na haijawahi kuwa ya kulipia. Nikarudi kwenye foleni na hasira zangu. Tangu siku hiyo naandika mwenyewe anwani ya uwanja, herufi kwa herufi. Frankfurt, Hamburg, hata Schiphol ya Amsterdam nimewahi kuangalia, zote kuhifadhi ni bure. Ukiona wanaomba kadi ya benki, funga.

Mpemba wa Den Haag
Umeitaja Schiphol, ngoja niseme. Aliyekuwa Uholanzi mwaka 2022 hahitaji kuelezwa kwa nini mambo haya yapo. Wakaguzi hawakutosha, foleni ikatoka nje ya jengo, watu wakapangwa chini ya mahema. Uwanja wenyewe ulikubali kuwafidia waliokosa ndege kwa sababu ya foleni kati ya 23 Aprili na 11 Agosti. Mwaka uliofuata ndiyo tukaanza kuona utaratibu wa kuchagua muda.

Siku hizi kila nikienda nyumbani naweka. Lakini wenzangu wengi wanachanganya: huu muda ni wa anayeanzia safari Amsterdam. Wewe unayetoka mji mwingine na kubadilisha ndege hapo kwenda Kilimanjaro au Dar, haukuhusu, usijisumbue kutafuta.

Mtoto wa Temeke
Swali la kizembe: na kwetu je?

Kobe Mbio
Kwetu nafasi unaihifadhi kwa miguu, unasimama 😂

Bila utani, mpangilio wenyewe ni mwingine. Pale JNIA, uwanja wa Nyerere Dar, Terminali 3 unakutana na mashine mlangoni kabisa, wewe na masanduku yote, kabla hujaiona kaunta. Halafu unakaguliwa tena mbele. Nairobi ndiyo usiseme, uwanja wa JKIA mimi niliteremshwa kwenye gari nikiwa bado barabarani, nikatembea kwenye kibanda cha ukaguzi, gari likapita upande wake likanisubiri. Sasa mtu ahifadhi ukaguzi upi kati ya hiyo?

Shangazi Mkavu
Mie nina la kulalamika. Kiwanja sikitaji. Niliweka muda saa kumi na moja alfajiri, nikajibana, nikaamka saa nane usiku. Nafika, ile njia ya waliohifadhi imefungwa kwa utepe. Namwonesha mfanyakazi simu yangu, anaiangalia kama naonesha picha ya mbuzi. "Leo ni foleni moja, mama." Ndege niliipata, lakini nilikimbia na viatu mkononi. Kwa hiyo mnaposema muda umehifadhiwa, mimi bado nafika saa tatu kabla ya ndege kuondoka, kama zamani.

Baba Pacha wa Kent
Shangazi pole. Ila uko sawa, hata mimi siendi kwa kuvizia. Ile QR inakupunguzia kusimama, ndege haikusubiri.

Mama Lishe Minnesota
Niongeze la unga. Nilihifadhi muda Minneapolis, MSP Reserve, nikapita mbele ya watu kama malkia mpaka kwenye mashine. Begi langu likavutwa pembeni. Ndani nina pakiti mbili za unga wa lishe ambao dada yangu alinisagia, nilikuwa nampelekea rafiki Ohio. Marekani unga unaozidi kama mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kutolewa ukaguliwe peke yake. Kaka akaupangusa kwa kitambaa, akakiingiza kwenye kimashine, akasubiri, akaniuliza ni nini. Nikaanza kumwelezea ulezi kwa Kiingereza. Ulezi, soya, karanga, mahindi... Wale niliowapita wote wakanipita.

Mpemba wa Den Haag
😂😂 Ungeuweka kwenye sanduku la chini.

Mama Lishe Minnesota
Sanduku la chini si linalipiwa?

Kobe Mbio
Mzaramo, sasa safari ijayo utaweka muda gani?

Mzaramo wa Theluji
Naanza na saa kaunta za mizigo zinapofunguliwa, najumlisha saa nzima ya kutoa na kurudisha viatu, ndiyo nachagua. Na mizani ya mkono nimeshanunua, ile ya kuning'iniza, iko mlangoni.

Dada wa Wedding
Na zile pea nne?

Mzaramo wa Theluji
Zipo kwenye buti la gari. Mwenye safari ya Dar mwezi wa kumi na mbili na kilo nne za ziada anicheki, mama anauliza kila Jumapili.