Lishe SUA, Chuo Kikuu Huria au Sayansi ya Chakula? Nimekwama

binti_wa_makambako
Wakuu, shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), matokeo yanaruhusu, shida ni kuchagua. Ninazo tatu: Lishe ya Binadamu SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Sayansi na Teknolojia ya Chakula hapo hapo SUA, na ile digrii ya chakula na lishe ya Chuo Kikuu Huria. Baba anapenda Huria, kituo kipo Njombe, nisome huku namsaidia dukani. Baba mdogo anasema zote ni upishi tu, bora unesi. Mimi nataka kukaa na wagonjwa, hasa wa kisukari. Bibi yangu anao na kila mtu anamwambia lake kuhusu ugali. Niende wapi?

Kiberiti
Baba mdogo kamaliza mjadala. Afisa lishe anadondosha matone ya vitamini A mwezi wa sita na wa kumi na mbili, katikati hapo analala.

afisa_lishe_nyanda
Kiberiti, karibu ofisini kwangu mwezi wa tisa tunapoandaa taarifa ya robo mwaka, uje na mto wako.

Marahaba mdogo wangu. Mimi nimetoka SUA, Lishe ya Binadamu, nipo halmashauri moja huku huku Nyanda za Juu Kusini. Kazi yangu mimi si ya wagonjwa, ni ya vijiji. Lijue hilo kabla hujajaza fomu, maana wengi darasani kwetu walidhani watavaa koti jeupe wakaishia kwenye vikao vya bajeti. Na vikao hivyo si vya mchezo: kuna mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa waliusaini mbele ya Rais mwaka 2022, unafika hadi 2030, na sisi tunapimwa nao. Zile shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano zinapotengwa kwenye karatasi, mtu wa kuzifuatilia zitoke ni wewe. Unajifunza kumbembeleza mweka hazina. Hakuna somo la chuo linaloitwa hivyo.

Siku nyingine uko kwenye siku ya afya na lishe ya kijiji: mizani, ubao wa kupimia urefu, utepe wa kupimia unene wa mkono. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano akisoma chini ya sentimita 11.5 kwenye utepe huyo ana utapiamlo mkali, haendi nyumbani bila mpango wa matibabu. Lakini wengi utakaowakuta huku hawajakonda. Wamedumaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano nchini wamedumaa; Njombe kwetu ni nusu ya watoto wote, Iringa imezidi nusu. Mahindi tunayo, viazi tunavyo, maziwa na mayai yanapandishwa gari kwenda mjini. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anaachiwa mtoto mwenzake na uji mwepesi. Unaweza kujua kalori zote duniani, kama hujui kukaa na mwenyekiti wa kijiji na bibi wa nyumba ile, umefeli.

(Na hapo hapo utapigana na unga wa "lishe" wenye nafaka nne, karanga na soya vyote kwenye mfuko mmoja. Akina mama wanauamini kuliko wanavyotuamini sisi. Nafaka moja inatosha, karanga weka wakati wa kupika.)

Unayoitaka wewe inaitwa lishe ya tiba. Chukua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), usisome majina ya digrii, nenda kwenye tovuti ya chuo usome masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Tafuta lishe ya magonjwa, na mafunzo ya vitendo wodini. Chuo chenye hivyo ndicho chako, hata kikiwa mbali na duka la baba.

mashine_ya_unga
Mimi ni sayansi ya chakula, niko kiwandani. Hutakutana na mgonjwa. Utakutana na sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, tangu hapo mzigo wa mahindi ukiingia getini silali vizuri mpaka maabara ijibu. Kemia iwe kali. Kwa ulivyojieleza, hii si yako.

Jepkosgei_wa_Eldoret
Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku Kenya, vyuo vikuu vya Kenyatta na JKUAT, digrii yetu ni miaka minne, lishe na tiba pamoja, na huwezi kumgusa mgonjwa bila usajili wa KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe iliyotokana na sheria ya 2007. Ukiwaza kuja kufanya kazi huku, waulize KNDI kwanza kama digrii unayoitaka wanaitambua, kabla hujalipa karo. Kazi yenyewe nzuri. Wiki hii nimeshinda na wagonjwa wa figo, kuwafundisha kumenya viazi, kuvikata vidogo, kuvichemsha maji mengi na kuyamwaga, potasiamu ipungue. Hakuna aliyeniita mpishi.

binti_wa_makambako
Asanteni sana. Kaka, na Huria je? Baba hataki kuachia.

afisa_lishe_nyanda
Mimi ni dada 😀. Huria si mbaya, nina wenzangu kazini walijiendeleza huko na wako vizuri. Ila wao tayari walikuwa zahanati na hospitali, mchana wanamwona mgonjwa, usiku wanasoma. Wewe mchana utakuwa unapima sukari ya dukani. Mzee akikaza, mwambie sawa, kwa sharti siku mbili za wiki ukajitolee hospitali yenye kliniki ya kisukari. Na usingoje awamu ya mwisho ya maombi.

Bibi asikatazwe ugali. Dona badala ya sembe, kiasi cha ngumi yake, mboga za majani zijaze nusu ya sahani, maharage au dagaa pembeni. Chai isiwe na sukari. Dawa asiruke, na akiwa anachoma insulini asipunguze chakula ghafla bila kuongea na kliniki yake.

Kiberiti
Dona hata mimi nile?

afisa_lishe_nyanda
Wewe kwanza kapime presha.