Ushauri: Jumamosi naenda kula mgahawa wa kienyeji Vienna, niagize nini kisicho na nguruwe?

Mtoto_wa_Malindi
Wakuu, habari za jioni. Nipo Vienna kimasomo. Jumamosi usiku nimealikwa kwenye mgahawa wa kienyeji wa Waaustria, ile wanayoita Gasthaus: meza za mbao, foleni mpaka mlangoni, wahudumu wanapita mbio na sahani nne nne mkononi. Mimi nguruwe sili. Nimeisoma menyu yao mtandaoni nikaishiwa nguvu. Niagize nini nisiaibike? Na pakijaa vile, mhudumu ana muda wa kuulizwa maswali? Usingizi hauji.

Kamanda_Graz
Mkuu, tulia. Wiener Schnitzel yenyewe, ule mnofu mwembamba wa kukaangwa na chenga za mkate, kwa kanuni za vyakula za Austria ni nyama ya ndama. Ikiwa ya kitimoto lazima waandike, utaona "vom Schwein". Kesi iko kwenye kikaango: nyumba nyingi za zamani wanakaangia Schweineschmalz, mafuta ya nguruwe, na hilo menyu haikwambii. Chukua Tafelspitz. Ni ng'ombe wa kuchemshwa taratibu, analetwa na supu yake, pembeni tufaha lililosagwa na Kren, mzizi mkali unaopanda puani mpaka machozi yanatoka. Mimi nilipokula mara ya kwanza nilidhani nimewekewa sumu, jamaa zangu wa kazini wakabaki kunipiga mgongoni. Siku hizi bila Kren nyama haishuki.

Ustadhi_Ilala
Ng'ombe sawa, kachinjwa na nani? Vijana mnamuogopa nguruwe, mnasahau kisu. Kula samaki.

Kamanda_Graz
Ustadhi, suala la chakula cha Ahlul Kitab, yaani Wakristo na Wayahudi, wanazuoni wamelijadili kwa upana, usilifunge kwa sentensi moja.

Mama_Shani_Linz
Mwanangu, mimi nimeosha vyombo kwenye jiko la mgahawa kama huo, sikiliza. Kwenye menyu utaona herufi mbele ya kila chakula: A ngano, C mayai, D samaki, G maziwa. Sheria ya Ulaya ya tangu 2014, kwa ajili ya wenye mzio. Nguruwe hana herufi, kwa sababu hayumo katika yale makundi 14 ya mzio. Watu wetu wanadhani hakuna herufi, hakuna nguruwe. Hapana! Saladi ya viazi nayo mara nyingi wanailainisha kwa supu ya ng'ombe. Kaiserschmarrn, ile chapati nene ya mayai inayokatwa vipande, ni tamu, lakini zabibu zake huwa zimelowekwa kwenye rumu. Uliza.
Halafu funguka. Anayekwenda kula na wanafunzi wenzake hakosi usingizi. Umealikwa na nani?

Mtoto_wa_Malindi
Wazazi wa mchumba wangu, mama. Baba yake ndiye aliyeweka nafasi, tangu mwezi uliopita. Na ami yangu anakuja kutoka Maskati kuonana nao.

Dereva_wa_Mabibo
Posa hiyo jamani! Hongera! Mimi ukweni Moshi nilipewa ndizi nyama nikamaliza sinia, mama mkwe akasema huyu ndiye. Kula kijana, wakwe wanapenda anayekula.

Mama_Shani_Linz
Dereva, subiri kwanza. Malindi, hao wakwe wanajua huli nguruwe?

Mtoto_wa_Malindi
Wanajua sili nyama ya aina yoyote.
Nilipokwenda kwao mara ya kwanza niliona hivyo ndivyo rahisi kueleza. Tangu siku hiyo mama yake ananipikia Spinatknödel, matonge ya mkate na mchicha, zangu peke yangu, sufuria ya mbali. Mchumba anaujua ukweli. Ami hajui lolote, na ami hakai na mtu dakika kumi bila kumsimulia navyomaliza mguu wa mbuzi Sikukuu.
Msinishambulie. Sikusema uongo: nyama yao kweli sili, nakula ya bucha za Waturuki. Na mpango ninao. Nitamwambia ami kwamba pale kila nyama inapikwa pamoja na nguruwe, aagize Zander kama mimi, maana samaki wanajua nakula. Mgahawa nimeshauandikia watuwekee samaki wawili. Nilichouliza ni chakula tu.

Ustadhi_Ilala
Yaani ami apande ndege kuja kukuombea mke, halafu umfunge mdomo kwa uongo wa pili? Uislamu Austria umetambuliwa kisheria tangu 1912, wewe unajificha nyuma ya mchicha!

Mzee_wa_Ushahidi
Hii chai. Mgahawa wenye foleni mpaka mlangoni ukuwekee samaki kwa barua pepe? Tena mwezi wa tatu huyu huyu alileta uzi wa bei ya bajaji Buguruni. Kama upo Vienna, tuambie huko watu wanalipaje.

Dereva_wa_Mabibo
Nilishaanza kuchanga kamati mimi 😂

Mtoto_wa_Malindi
Bajaji ni ya kaka yangu, nilimuulizia. Na barua pepe wamejibu, wamesema samaki watakuwepo.
Kulipa: unasema "Zahlen, bitte", mhudumu anakuja na pochi nene nyeusi ya ngozi, anakuuliza pamoja au kila mtu yake. Bakshishi huachi mezani, unamtajia jumla. Bili ikiwa euro 91 unampa 100, unasema "Stimmt so", basi. Mkate wa kikapuni wengi wanauhesabu. Meza yenye kibao cha Stammtisch hukai, ina wenyewe.

Mama_Shani_Linz
Yupo huyu. Ile pochi wanaizungusha kiunoni usiku kucha.
Mwanangu, hao watu wanaishi na Waturuki na Wabosnia miaka nenda rudi, habari ya kuchinja si ngeni kwao. Aliyekuhangaikia ni mama mkwe, na sufuria yake ya mbali. Mwambie yeye, jikoni kwake, kabla ya Jumamosi. Asije kuusikia mguu wa mbuzi kwa ami mbele ya wahudumu.

Mtoto_wa_Malindi
Akiona nimemdharau je?

Mama_Shani_Linz
Ataona zaidi akiusikia mezani.

Mzee_wa_Ushahidi
Mimi bado nina mashaka na uzi huu, ila swali la samaki hakuna aliyelijibu. Piga simu saa tisa alasiri, wakiwa wamemaliza cha mchana na cha jioni bado. Uliza Zander anakaangwa kwa "Butter" au kwa "Schmalz", na kama kikaango ni kimoja na cha Schnitzel. Ukingoja mpaka saa mbili usiku pamejaa, mhudumu atakuitikia ndiyo kwa kila kitu.

Mtoto_wa_Malindi
Nimepiga. Ni siagi, na kikaango chake peke yake. Kwa mama mkwe naenda Alhamisi, mchumba atakuwepo. Ami anatua Ijumaa.