Mkimbiaji wa Comrades kugeukia nusu marathoni: nina nafasi ya kushindana kweli?

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, hasa mliokimbia mbio za barabarani kwa ushindani.

Mimi ni mtu wa ultra, yaani mbio ndefu kuliko marathoni. Nina miaka 34, niko Johannesburg kikazi, na mbio zangu ni Two Oceans na Comrades. Kwa asiyezijua, Two Oceans ni kilomita 56 pale Cape Town. Comrades inakaribia kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, safari hii mnapanda, nyingine mnashuka. Nimepata medali ya fedha ya Comrades, ile ya kumaliza chini ya saa 7 na nusu. Mwendo wake ni dakika 5 na ushee kwa kilomita tangu alfajiri hadi mchana, na mwili wangu unaupenda sana.

Sasa narudi nyumbani Moshi. Nataka kuingia nusu marathoni ya Kilimanjaro, kisha mbio za kilomita 10, nikiwa mshindani na siyo msindikizaji. Kinachonisumbua ni kasi. Nikifanya vipande vya kilomita moja kwa dakika 3:35, viwili vya kwanza vinakwenda vizuri. Cha tatu, pumzi bado ipo lakini miguu haizunguki. Hatua inafupika, kisigino kinaanza kutangulia kugusa lami, saa inasoma 3:50. Halafu kwa hiyo 3:50 naweza kuongeza kipande kingine na kingine bila shida. Kilomita 10 yangu bora ni 37:10.

Je, ultra imeniua kasi, au sikuwa nayo tangu mwanzo? Nawasilisha.

Mzee wa Rau:
Mdogo wangu, karibu nyumbani, na usikate tamaa. Mwangalie Gerda Steyn, unamfahamu kuliko sisi. Alianza kukimbia akiwa mtu mzima, alipokuwa akifanya kazi Dubai. Aprili 2024 alikimbia Paris Marathon kwa 2:24:36, rekodi ya Afrika Kusini wakati huo. Siku sita baadaye akashinda Two Oceans. Juni akashinda Comrades ya kupanda kwa 5:49:46, na Agosti akarudi Paris kwenye Olimpiki. Mtu huyohuyo, mwaka huohuo! Nani anasema ultra inaua kasi?

Kocha Mchanga Mwekundu:
Shikamoo mzee. Mfano wako ni mzuri ila unajibu swali jingine. Steyn ameshuka kutoka kilomita 90 hadi 42, na kijana anataka kushuka hadi 21 na 10. Kila unaposhuka, anayekusubiri ni mtu wa uwanjani.

Wa kumtazama hapa ni Jim Walmsley wa Marekani, mwenye rekodi ya Western States, maili 100 kwa 14:09:28. Januari 2019 alikwenda Houston akakimbia nusu marathoni kwa 1:04:00 kamili, muda uleule uliotakiwa ili kuingia mchujo wa Olimpiki wa marathoni. Mwaka 2020, kwenye mchujo huo kule Atlanta, marathoni yake ya kwanza, akawa wa 22 kwa 2:15:05. Ni kazi kubwa sana. Lakini chuoni alikuwa mtu wa kuruka viunzi na maji na wa mita 5,000, chini ya dakika 14. Kasi aliingia nayo kwenye ultra, hakuitoa huko.

Kwa hiyo kaka, kabla sijasema lolote: mita 400 ukizikimbia kwa nguvu zako zote unapata sekunde ngapi? Anayemaliza nusu marathoni kwa 1:03 anazunguka kila 400 kwa sekunde 72, na anarudia zaidi ya mara 52.

Mleta uzi:
Kocha, shuleni nilikuwa mtu wa mpira, uwanjani sijawahi kushindana. Mwaka jana nilijipima 400 nikapata sekunde 67.

Kocha Mchanga Mwekundu:
Basi nitakuambia ukweli kwa sababu naona umekuja na nia. Kundi la mbele la Kilimanjaro si lako, na mazoezi hayataziba pengo hilo. Ila 37:10 haijaonyesha mwisho wako. Mtu ambaye pumzi inabaki na miguu inagoma hajakosa injini. Miguu imefundishwa miaka mingi kubana matumizi: kutoinuka, kugusa ardhi muda mrefu, kutumia misuli ya mwendo wa pole tu. Hiyo inafundishika upya hata ukiwa na miaka 34.

Punguza mbio ndefu ziishie kilomita 25. Mara mbili kwa wiki, baada ya mbio nyepesi, tafuta mlima mkali, kimbia sekunde 8 hadi 10 kwa nguvu zote, rudi ukitembea, pumzika hadi upumue kawaida, kisha rudia. Ukihema sana, umeharakisha mapumziko. Vile vipande vya kilomita viache kwanza, fanya vya mita 400 kwa sekunde 82, hatua ikifupika simama. Usizoeshe miguu ile 3:50 ya kujivuta. Jipe angalau miezi minne, na isiwe miezi inayofuata Comrades moja kwa moja.

Binti wa Kibosho:
Naongezea njia yenyewe, maana nimeikimbia. Nusu ya Kilimanjaro inapanda kuelekea Mweka halafu inageuka kushuka. Watu wa kasi tupu wanaumia pale juu, na wakati wa kushuka mapaja yanawawaka. Kaka, wewe umeshuka hadi Durban! Mapaja yako yanajua. Hapo utawapita wenye dakika 36 zao kwenye kilomita 10 tambarare. Ila kwenye kilomita 10 za tambarare watakulipa.

Mzee wa Rau:
Marahaba kocha, nimekuelewa. Hata Simbu wetu, Mashindano ya Dunia ya Tokyo 2025, kilomita 42 nzima, alipewa muda mmoja na Petros wa Ujerumani, 2:09:48. Dhahabu ilipatikana kwenye hatua za mwisho kabisa.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Nilitaka kusikia hivi, hata lile la kundi la mbele. Lengo langu sasa ni chini ya 1:20 Kilimanjaro, kilomita 10 za tambarare baadaye. Kocha, sekunde 82 hizo nipumzike muda gani katikati?

Kocha Mchanga Mwekundu:
Dakika 2, ukitembea. Anza na vipande 8. Na usivae saa, mtu mwingine akushikie muda.