Msimamizi ananilazimisha "nielewane" na mwenzangu, halafu niandike tulikubaliana asilimia 100!

Wakuu, nina hasira hadi usingizi umekata.

Nasoma uzamili wa saikolojia. Tasnifu yangu ni uchambuzi wa maudhui: barua 100 za wasomaji kwenye safu ya ushauri gazetini, naangalia zipi zina dalili za sonona. Niliandika mwongozo wa kuamua barua ipi ina sonona, nikampa mwenzangu nakala, kila mtu akasoma barua zilezile peke yake bila kuchungulia za mwenzake. Bila hivyo utajuaje kama sonona iko kwenye barua au iko kichwani mwako?

Tukalinganisha. Barua 86 wote tumesema hakuna, 2 wote tumesema ipo, 12 tumepishana, sita huku sita huku. Msimamizi akafurahi, asilimia 88! Nikamwambia, Dokta, ngoja. Kila mmoja wetu kasema "hakuna" mara 92. Hata majibu hayo tungeyagawa kwa bahati nasibu tungelingana kwenye barua kama 85. Ukikokotoa kapa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati (0 ni bahati tu, 1 ni kukubaliana kabisa), ambayo tangu 1960 ipo kwa ajili ya tatizo hilihili, inatoka 0.18. Krippendorff, mtaalamu wa uchambuzi wa maudhui, kwa alfa yake, kipimo cha aina hiyohiyo, anataka 0.800, na chini ya 0.667 hakupi ruhusa ya kuhitimisha chochote.

Jibu lake: "Kaeni muelewane kwenye hizo 12, uandike mmekubaliana zote."

Muelewane! Makubaliano yanapimwa KABLA ya kujadiliana. Ukishambembeleza mwenzako akabadilisha jibu, hapo umepima upole wake tu.

Na kinachoniuma zaidi, kosa nimeshaliona. Barua moja inasema "nina mawazo, hata ugali haupiti." Mimi nikaandika ipo, mwenzangu akaandika hakuna, akaona ni mtu anayehangaikia ada ya mtoto. Mwongozo wangu niliutoa kwenye vitabu vya Kiingereza: una huzuni, una kukata tamaa, "mawazo" hayamo kabisa! Katika zile 12, barua tisa zina neno hilo. Naomba wiki tatu tu nirekebishe mwongozo, tujaribu upya kwa barua nyingine. Anasema naichelewesha idara.

Hizi takwimu kesho mtu wa afya ya akili atazichukua akafanyie kazi kwa wagonjwa!

Jumatatu ananisubiri na fomu nisaini. Aliyewahi kugoma na bado akamaliza, ulianzia ofisi gani?