Waifai ya laptopu inakatika-katika: adapta ya USB, kadi mpya ya ndani au waya?

Mpangaji_Nkuhungu
Wakuu, laptopu ya Windows 10 inashika waifai, baada ya muda inakata. Simu iliyo meza hiyo hiyo haikati. Ruta iko sebuleni, katikati kuta mbili za tofali za saruji. Ninunue kipi?

FundiKizota
Usinunue kitu bado. Fungua Command Prompt mbili (dirisha la kuandika amri), tutumie ping, amri ya kupima kama kifaa kinajibu. Moja andika ping 192.168.1.1 -t (anwani ya ruta yako utaiona ukiandika amri ipconfig, mstari wa Default Gateway), nyingine ping 8.8.8.8 -t (seva ya Google huko kwenye intaneti). Ruta ikijibu muda wote huku 8.8.8.8 ikikosa, laptopu haina kosa. Zikikata pamoja, shida iko kati ya laptopu na ruta.

Kisha Device Manager, Network adapters, Properties za kadi, Power Management: toa tiki ya kuizima ili kuokoa umeme. Baadhi ya laptopu hazina ukurasa huo. Draiva (programu inayoendesha kadi) ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu.

BintiMakole
Na chaneli je? Waifai hutumia masafa ya 2.4 GHz au 5 GHz, yaliyogawanywa kwa chaneli. Kwenye 2.4 GHz ni 1, 6 na 11 tu zisizoingiliana. Nyumba za kupanga zimejaa ruta, na wengi wakiona jirani yuko 6 wanahamia 7. Kosa! Mkiwa chaneli moja vifaa hupeana zamu. Mkipishana kidogo kila mmoja ni kelele kwa mwenzake. 5 GHz ina nafasi zaidi, ila kuta mbili za saruji zinaimeza.

Mtumba_IT
Kwenye swali lenyewe: adapta ndogo kama kucha achana nayo, antena yake mara nyingi ni dhaifu kuliko ya ndani. Chukua yenye antena ya nje, uichomeke kwa waya wa USB wa mita moja, kwa sababu tundu za USB 3.0 hutoa kelele kwenye 2.4 GHz.

Kadi ya ndani ni bora, lakini angalia aina. Intel AX200 na AX210 zinaingia kwenye M.2 Key E ya kawaida (tundu la kadi ya waifai kwenye bodi). AX201 inafanana nazo kwa macho, ila haifanyi kazi kwenye laptopu yenye prosesa ya AMD. Laptopu nyingine kadi imechomelewa kabisa kwenye bodi.

FundiKizota
Kama haihami mezani, vuta waya wa mtandao wa Cat5e tu toka kwenye ruta. Inafika mita 100. Usiipitishe nje juani kama si ya nje, ganda litapasuka.

Mpangaji_Nkuhungu
Ping zinakata pamoja. Tiki nimetoa. Ila amri ya netsh wlan show interfaces inasema Signal 35%, hata nikisogea mita mbili na ruta.

Mtumba_IT
Mita mbili ilitakiwa ipite 90%. Hapo shuku waya wa antena: umechomoka kwenye kadi au umekatika kwenye bawaba ya skrini. Kifuniko cha chini kifunguliwe, betri ichomolewe kwanza, vichwa viwili vya waya vibonyezwe wima mpaka vilie. Usivilazimishe kwa bisibisi, vinapinda haraka.